Meno yanayosubiri msimu wa korosho

*Newala na Masasi, kijana mwenye jino bovu husubiri fedha za mnada, kisha hung'olewa. Katika miezi ya kusubiri huacha kucheka.*

Jino likianza kuuma mwezi Machi kule Newala, mkoani Mtwara, limekosea mwezi. Fedha za minada ya korosho, zile zilizoingia kati ya Oktoba na Januari, zimekwisha kuliwa na sare za shule, mabati, madeni ya dukani na harusi za ndugu. Mnada mwingine uko mbali. Mikorosho ipaliliwe kwanza, ipuliziwe salfa dhidi ya ubwiriunga, itoe maua, ibebe, ndipo magunia yafike kwenye chama cha msingi na bei itangazwe.

Kijana wa kidato cha pili anaambiwa avumilie. Nyumbani kuna maji ya chumvi ya kusukutua, kuna karafuu ya kubana kwenye tundu, kuna kidonge cha kutuliza maumivu kinachouzwa kimoja kimoja dukani. Vyote hivyo vinasaidia usiku mmoja au miwili. Baadaye anazoea kutafuna upande mmoja. Upande ule mwingine mswaki haufiki tena kwa sababu panauma, ukoga unajijenga, na harufu ya pumzi inabadilika.

Kuanzia hapo mambo yanatoka kwenye jino na kuingia kwa mwenye jino. Anaanza kuongea akiwa ameinamisha uso. Akicheka, kiganja kinawahi mdomoni. Mwalimu akiuliza swali, jibu analo lakini mkono haunyanyuki. Wenzake nao wana majina tayari: Pengo, Kibogoyo, na mengine makali zaidi kwa yule anayenuka mdomo.

Msimu ukifika anapelekwa hospitali. Tundu limekwisha kufika kwenye neva, shavu limewahi kuvimba mara kadhaa, na mtaalamu hana la kufanya ila kuchukua sindano ya ganzi na koleo. Wazee walishasema kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Jambo limekwisha, mzazi anashukuru, foleni inasonga.

Mambo manane

Mwaka 2008 watafiti, Kijakazi Mashoto akiwa kiongozi wao, walikwenda Kilwa, katika mkoa jirani wa Lindi. Waliwahoji na kuwapima vinywa wanafunzi zaidi ya 1,700, wastani wa umri wao ukikaribia miaka 14. Hawakuishia kuhesabu matundu. Waliuliza pia kama meno au kinywa vimewaharibia mambo manane ya kila siku: kula, kuongea vizuri, kusafisha kinywa, kulala na kupumzika, kutulia moyo, kucheka na kuonyesha meno bila aibu, kusoma, na kukaa na watu.

Zaidi ya theluthi moja walijibu kwamba angalau jambo moja kati ya hayo limeharibika. Waliohisi wanahitaji tiba walikaribia nusu. Lakini waliokutwa na dalili za meno kuoza walikuwa karibu mmoja tu kati ya watano.

Tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua. Ukipima kwa kioo na sindano ya kuchokonolea tu, utasema watoto wa kusini wana meno mazuri, na kweli, ukilinganisha na nchi zinazokula sukari nyingi, wanayo. Ukiwauliza wenyewe, wanakueleza shida ambayo hesabu ya matundu haikuiona: fizi zinazotoka damu, jino lililovunjika, mpangilio unaowatia haya, harufu ambayo mtu mwenyewe hana hakika nayo lakini anaihofia usiku na mchana.

> Tundu la jino lina kipimo chake. Kicheko kilichozuiwa hakina safu kwenye rejista ya hospitali.

Rejista ya chumba cha meno huandika kilichofanyika: jino fulani limeng'olewa, jingine limezibwa. Aibu haiandikwi. Na kisichoandikwa hakiombewi fedha. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya chumba cha meno kuwa cha mwisho kukumbukwa katika hospitali nyingi za wilaya.

Wapo wanaoona haya yote ni anasa. Wanauliza, na si swali la kijinga: pale ambapo malaria bado inalaza watoto, wasichana wanaacha shule kwa mimba na wajawazito wana upungufu wa damu, tukae tuzungumzie tabasamu la kijana? Jino haliui.

Ila linaweza kuua. Usaha wa gego la chini ukishuka chini ya ulimi na shingoni huvimbisha koo hadi njia ya hewa ikabanwa. Hilo hutokea mara chache. Linalotokea mara nyingi ni kijana kukosa usingizi wiki ya mitihani, na hakuna takwimu ya matokeo ya kidato cha nne inayosema nani alifanya mtihani wa hesabu shavu likimpiga.

Gego linalodhaniwa la utoto

Chanzo cha mengi haya huanza mapema, mtoto akiwa na miaka sita. Wakati huo huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hawajui kwamba limeota. Likianza kuoza wanasema litang'oka lenyewe na jingine litaota. Halioti jingine. Mtoto akifika miaka 13 gego hilo limekaa mdomoni miaka saba, na ndilo kwa kawaida linalotoboka kwanza.

Kuoza kwenyewe hakuna siri. Bakteria wa kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, asidi inamomonyoa tabaka gumu la juu la jino. Kila unapotia sukari mdomoni asidi hupanda, kisha mate huchukua karibu nusu saa au zaidi kuishusha. Kwa hiyo kiasi cha sukari ni jambo moja, na idadi ya mara ni jambo kubwa zaidi. Pipi moja saa mbili, biskuti mapumziko, barafu ya mfuko saa saba, ubuyu wa rangi njiani, chai ya sukari jioni: mate hayapati nafasi. Pale Masasi mjini, penye maduka mengi na barabara ya lami, vitu hivi viko kila kona. Juu Newala navyo vimepanda, vimefuata pikipiki.

Ujana unaongeza yake. Homoni za kubalehe hufanya fizi ziwe nyepesi kuvimba na kutoka damu hata kwa ukoga kidogo. Kijana akiona damu kwenye mswaki huogopa na kuacha kupiga mswaki, wakati dawa yake ni kusafisha zaidi, taratibu, kwa mswaki laini.

Halafu kuna ajali. Mpira wa miguu kwenye uwanja wa mchanga na mawe, pikipiki, kuanguka kutoka kwenye mwembe. Jino la mbele linavunjika kipande, au linapigwa tu na kubaki zima, kisha baada ya miezi linageuka kijivu na hatimaye jeusi kwa sababu neva imekufa ndani. Hilo ndilo jino linaloonekana. Gego lililong'olewa halionekani kwenye picha. Jino jeusi la mbele linaonekana kabla ya jina la mtu.

Jambo moja kila mwalimu wa michezo anapaswa kulijua. Jino la ukubwani likichomoka zima kwa ajali, lishikwe upande wa kutafunia, si mzizi. Kama lina mchanga lisuuzwe haraka bila kusuguliwa, lirudishwe tunduni mwake papo hapo, au litiwe kwenye maziwa, kisha mbio hospitali. Ndani ya nusu saa nafasi ya kushika tena ni nzuri. Baada ya saa moja nje likiwa kavu, nafasi inakuwa finyu. Jino la utoto halirudishwi.

Walipojipamba kwa meno

Ajabu ya eneo hili ni kwamba lina historia ndefu ya kufanya kinywa kuwa mahali pa fahari. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala akiandika na kupiga picha watu wa huku: wanawake wenye ndonya kwenye mdomo wa juu, nembo zilizochanjwa usoni na mwilini. Kuchonga meno ya mbele yawe na ncha nako kulikuwa pambo la Wamakonde na baadhi ya jirani zao. Vinyago vya zamani vya mapiko bado vinakuonyesha meno hayo.

Mtu aliyechongwa meno alipata maumivu kweli, na jino lililochongwa halina kinga kamili tena. Sitamani desturi hiyo irudi. Ninachokiona ni kwamba kijana wa wakati ule aliumia mdomo akatoka na heshima, watu wakimwangalia usoni. Wa leo anaumia mdomo akiwa peke yake, na anachopata ni jina la utani.

Vipimo vya urembo navyo vimehama. Mwanya bado unasifiwa pwani na bara, na msichana mwenye mwanya hajifichi. Lakini simu imeleta kipimo kipya: meno meupe kama karatasi, yaliyopangwa bila nafasi hata ya uzi. Wanaouza poda za kung'arisha meno wanapatikana mtandaoni, na asiye na fedha ya poda hujaribu majivu, mkaa uliosagwa, mchanga laini, au ndimu. Vyote hukwangua au kuyeyusha tabaka la juu. Jino hung'aa wiki chache, halafu rangi ya ndani, ambayo kwa asili ni ya manjano, huanza kuchungulia. Tabaka likishaondoka halirudi.

> Zaidi ya sita kati ya kumi ya wanafunzi waliopimwa Kinondoni na Temeke walikuwa na kasoro fulani ya mpangilio wa meno.

Natamani takwimu hiyo ibandikwe kwenye mabweni. Ni ya utafiti wa Matilda Mtaya na wenzake kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2009. Maana yake ni kwamba meno yenye kasoro fulani ya mpangilio ndiyo hali ya wengi. Binti anayeamini darasa zima lina meno yaliyonyooka isipokuwa yeye, anadanganywa na picha alizoziona, kwani waliomzunguka wako kama yeye. Wachache wanahitaji kweli waya za meno kwa ajili ya kutafuna au kuongea, na kwa hao safari ya matibabu ni ya miaka na gharama ambayo kilo za korosho za mkulima mdogo hazifikii.

Kwa nini koleo linashinda

Rudi kwenye foleni ya hospitali. Ni rahisi kumlaumu mtaalamu wa meno kwamba anang'oa tu. Mweke kwenye nafasi yake. Mbele yake kuna watu waliokuja wamechelewa, wengi wana usaha, wengine wametoka vijijini alfajiri na lazima warudi leo. Kung'oa ni dakika chache na maumivu yanaisha. Kuziba kunataka muda, mwanga, kiti kizima, umeme usiokatika kama mashine ndiyo inayotumika, na vifaa vya kuzibia. Kutibu mzizi wa jino kunataka zaidi ya hapo, na aghalabu kurudi tena.

Eneo hili halikukosa hospitali. Iko Mkomaindo pale Masasi mjini, iko ya wilaya Newala, na Ndanda iko ya Wabenedikto, yenye jina kusini nzima. Umbali ndio unaokula fedha. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi na matope. Kijana hasafiri peke yake. Kuna nauli ya mama au mjomba, kuna chakula, kuna siku ya shamba iliyopotea. Ukiambiwa urudi wiki ijayo kumalizia, unauliza kama haliwezi kung'olewa leo.

Mzazi naye ana hesabu yake. Mengine si yapo? Jino moja kati ya 28 au 32 linaonekana dogo. Asichoambiwa ni kwamba meno ya jirani yatainamia pengo, la juu litashuka kutafuta mwenzake, na ukoga utapata maficho mapya. Kwa jino la mbele hesabu ni tofauti kabisa. Jino la pembe si dawa ya pengo, na jino la plastiki la kuvaa na kuvua kwa mtoto wa miaka 15 ni mzigo mwingine wa kuficha bwenini.

Njia iliyozaliwa Tanzania

Hapa ndipo penye jambo linalonikera kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi ya afya ya meno ya jamii chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kujaribu hapa nchini njia ya kuziba meno bila mashine. Sehemu iliyolainika hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu ya meno, unga unaochanganywa na kimiminika chake, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Hakuna umeme. Hakuna ile sauti ya mashine inayowakimbiza watoto. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mgonjwa anaweza kulazwa juu ya meza ya darasani.

Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa. Leo inatumika kote ulimwenguni, zikiwamo nchi tajiri. Kwa tundu dogo la upande mmoja kwenye jino la ukubwani, tathmini za kitaalamu zinaonyesha takribani viziba vinane kati ya kumi bado vimekaa baada ya miaka mitano. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Na kwetu je? Emil Kikwilu, Frencken na Jan Mulder walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuingiza njia hiyo kwenye kliniki za serikali za majaribio nchini. Viziba viliongezeka kidogo tu na kung'oa kukaendelea kutawala. Utaalamu ulikuwapo, wagonjwa walikuwa wengi, na vifaa vya kuzibia havikuwa vya uhakika.

Mtu anaweza kusema hiyo inathibitisha kwamba njia yenyewe haifai mazingira yetu. Mimi naisoma vingine. Njia inayofanywa kwa mkono haiwezi kumsaidia mgonjwa anayefika tundu likiwa limekwisha kugusa neva. Inamfaa mwanafunzi ambaye jino bado halijaanza kumkosesha usingizi, na huyo haji hospitali. Inabidi mtaalamu amfuate shuleni na kisanduku chake, mara moja kwa mwaka, kabla hajaanza kuficha mdomo.

Maji na dawa ya meno

Uwanda wa Makonde, Newala iliko, una udongo wa kichanga unaokunywa mvua na kuipeleka chini sana. Vizazi vya wanawake vilishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo mlima, na mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 haujawahi kumaliza kiu yote. Kwa hiyo mtoto wa Newala akisema hakupiga mswaki kwa sababu maji yalikuwa ya kupikia, usimcheke.

Bahati nzuri ni kwamba mswaki hautaki maji mengi. Wataalamu sasa wanashauri kutema povu na kutosukutua baada ya kupiga mswaki, hasa usiku, ili floraidi ibaki kwenye meno. Kikombe kimoja kinatosha kusuuza mswaki wenyewe. Kinachotakiwa ni dawa ya meno yenye floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, kama ilivyoandikwa kwenye tyubu, mara mbili kwa siku. Mswaki wa mti hausafishi vibaya ukitumiwa kwa uangalifu, ila hauna floraidi hiyo.

Kuna wanaoogopa floraidi kwa kuwa wamewaona ndugu wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia. Meno yale yaliharibiwa na maji yenye floraidi nyingi yaliyonywewa utotoni, meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya taya. Kijana wa miaka 14 anayetema dawa ya meno hayuko kwenye hatari hiyo.

Swali la kwenye kiti

Mzazi anaweza kujua mapema jino liko wapi. Linalosisimka kwa kitu baridi au kitamu na kutulia upesi, aghalabu bado lina nafasi ya kuzibwa. Linalouma lenyewe usiku, au maumivu yake yakibaki muda mrefu baada ya chai ya moto, neva imeshaguswa. Likiwa na kijipu kwenye ufizi, mzizi umeingiliwa, na hapo kung'oa huwa tiba halali kabisa pale ambapo mzizi hautibiki. Kabla koleo halijainuliwa, mzazi au kijana mwenyewe ana haki ya kuuliza: jino hili halizibiki? Kama jibu ni kwamba linazibika ila vifaa havipo, swali hilo lihamie kwa diwani.

Halmashauri za Masasi na Newala, za mji na za wilaya, zinakusanya ushuru wa korosho, na kila moja huandaa mpango wake wa afya wa mwaka. Vituo vya afya navyo huagiza mahitaji yao Bohari ya Dawa, yenye kanda yake Mtwara. Saruji ya kuzibia na vifaa vya mkono vya kukwangulia huombwa kwenye mpango huo huo, kwa kuandikwa na kupewa idadi, na kikao cha baraza la madiwani cha kupitisha bajeti kiko wazi kwa mwananchi yeyote kuketi na kusikiliza.